Pini Nane za Wanawake: Haki au Upendeleo?

MCHEZAJI WA KIUME: Bolingi ni mchezo wa hesabu, basi tuanze na hesabu. Katika European Bowling Tour, mfululizo wa mashindano ulioanza mwaka 2000, wanaume na wanawake wanacheza pamoja: njia zilezile, mafuta yaleyale, kiingilio kilekile. Lakini kabla mwanamke hajagusa mpira, ameshaandikiwa pini 8, na anaandikiwa hivyo kila gemu. Mchujo ukiwa wa gemu 6, hizo ni pini 48 ambazo hakuna aliyeziangusha. Nikimaliza na 1,290 na yeye akamaliza na 1,250, nimemshinda kwa pini 40. Kwenye orodha ataonekana na 1,298, mimi nipo chini yake. Ikiwa imebaki nafasi moja ya kusonga mbele, anaingia yeye na mimi nafungasha mipira yangu. Naomba nielezwe hiyo ni haki ya namna gani.

MCHEZAJI WA KIKE: Kaka, na mimi nitakujibu kwa hesabu. Uko kwenye mfululizo wa straiki, yaani kila mpira wa kwanza unaangusha pini zote, kisha umebakiza pini ya 10, ukaikosa badala ya kuiondoa. Umepoteza pini 12 kwa kosa hilo moja. Ukipata tisa na speya, yaani ukaiondoa iliyobaki kwa mpira wa pili, katikati ya straiki tupu, umepoteza 21, ndiyo maana mtu aliyepiga straiki kila fremu isipokuwa moja ya katikati anamaliza na 279 badala ya 300. Nyongeza yangu haifiki hata thamani ya speya moja iliyokoswa. Unishinde kwa speya moja tu kila gemu, nyongeza hiyo haitaniokoa.

MCHEZAJI WA KIUME: Dada, haba na haba hujaza kibaba. Speya moja kila gemu ndiyo inayomtenga bingwa na msindikizaji. Katika kiwango hiki hakuna anayemzidi mwenzake kwa pini 12 gemu baada ya gemu. Tazama orodha ya mchujo wowote mkubwa, hasa pale mstari wa kukatia unapopita: wa juu ya mstari na wa chini yake wametengana kwa pini mbili, tatu, wakati mwingine moja, tena baada ya gemu sita nzima. Hapo ukimwaga pini 48, hujasawazisha chochote. Umepanga upya orodha.

KOCHA: Kabla hamjafika mbali, tuulize nyongeza hii inafidia nini. Pini ya 1 iko mita 18 na ushee kutoka mstari wa kutupia. Watu wengi wanadhani mpira ndio unaoangusha pini zote 10. Sivyo. Kwa mchezaji wa mkono wa kulia, mpira wa straiki safi hugusa pini 4 tu: ya 1, ya 3, ya 5 na ya 9. Sita zilizobaki huangushwa na pini nyingine. Ili mpira ufike mpaka kwenye ile ya 9, lazima upenye bila kusukumwa pembeni, na kila pini ina uzito wa zaidi ya kilo moja na nusu. Mpira unaoingia kwa pembe ya karibu digrii 6, ukiwa na kasi na mzunguko wa kutosha, unapenya. Mwingine ukiingia palepale, kati ya ya 1 na ya 3, lakini kwa pembe finyu na mzunguko uliochoka, unayumba. Utaiona pini ya 6 ikilala mferejini kwa upole badala ya kuruka kuichapa ya 10. Wachezaji wote wawili wamelenga sawasawa. Mmoja amepata straiki, mwenzake tisa.

MCHEZAJI WA KIKE: Na hiyo tisa si kosa la shabaha. Nimeweka mpira nilipotaka kuuweka. Kilichopungua ni nguvu ya mkono na bega, ambayo kwa wastani mwanamume anayo zaidi. Kanuni inaruhusu mpira wa mpaka kilo 7.26, na kadiri mpira unavyokuwa mzito ndivyo pini zinavyoshindwa kuusukuma. Mchezaji mwenye mwili mdogo anachagua mpira mwepesi ili aweze kuutupa siku nzima bila kuumia, na kila gemu analipia uchaguzi huo kwenye pini ya 10.

MCHEZAJI WA KIUME: Kama nguvu ndiyo kila kitu, mnamweleza vipi Walter Ray Williams Jr.? Mataji 47 katika PBA, ziara ya bolingi ya kulipwa ya Marekani, mara saba mchezaji bora wa mwaka, na wala hakuwa mtu wa mizunguko mingi. Alipitisha mpira karibu kwa mstari mnyoofu, fremu baada ya fremu, speya hazikosi. Wenye mikono ya chuma walimkuta na wakamwacha kileleni.

KOCHA: Williams ni hoja nzuri, lakini tuitazame yote. Mizunguko yake ilikuwa michache, kasi yake haikuwa ndogo. Na zama zimebadilika. Jason Belmonte na wenzake wanaotupa kwa mikono miwili wanazungusha mpira zaidi ya mara 400 kwa dakika, na mipira ya leo ina ngozi inayong'ang'ania njia kuliko zamani. Mchezo umehamia upande wa nguvu. Usahihi bado unalipa, ila bei yake imepanda.

MCHEZAJI WA KIUME: Sawa, nakubali kwamba nguvu inalipa. Basi toeni nyongeza kwa anayekosa nguvu, si kwa jinsia. Katika kila mashindano kuna mwanamume wa miaka 58 mwenye goti bovu, kuna kijana mwembamba anayetupa mpira wa kilo 6 na ushee, kuna fundi anayecheza wikendi tu. Mzunguko wao ni mdogo kuliko wa wanawake kadhaa waliomo kwenye orodha hiyohiyo. Wao wanapewa nini? Sifuri. Kisha anakuja mwanamke wa timu ya taifa, analipwa na shirikisho lake, ana kocha na mipira kumi na miwili kwenye gari, anapewa 8. Huyo fundi akiniuliza kwa nini, nimjibu nini?

MWANDALIZI: Mjibu kwamba mashindano haya hayakuahidi kumfidia kila mtu kwa maumbile yake. Ligi za mtaani zinafanya hivyo. Pale kila mchezaji ana nyongeza yake kufuatana na wastani wake. Tuseme ligi imeweka kipimo cha 220 na inafidia asilimia 90 ya pengo: mwenye wastani wa 160 anaongezewa 54. Mfumo huo unaleta watu wengi uwanjani, ila unaleta pia maradhi yake. Mtu anacheza ovyo wiki kadhaa kwa makusudi ili wastani ushuke, kisha siku ya zawadi anakumbuka kucheza. Katika mashindano makubwa hatutaki mchezo huo. Ndiyo maana tumeweka namba moja ndogo, inayojulikana mapema, isiyoweza kuchezewa na mtu. Huwezi kujifanya dhaifu ili uipate.

MCHEZAJI WA KIUME: Kwa hiyo mnakiri kwamba namba hiyo haimpimi mtu. Imewekwa kwa sababu ni rahisi kuisimamia.

MWANDALIZI: Nakiri kwamba kanuni yoyote ya jumla inamwacha mtu nje. Lakini nikuonyeshe upande mwingine. Wanawake Marekani walikuwa na ziara yao ya kulipwa, PWBA. Ilikufa mwaka 2003 na haikurudi mpaka 2015. Miaka kumi na miwili, wachezaji bora wa kike wa nchi yenye bolingi kubwa kuliko zote hawakuwa na ziara yao wenyewe. Na hiyo ni Marekani. Hapa Ulaya, nchi moja moja, ukitenga mashindano mawili unahitaji kumbi mara mbili, wafadhili mara mbili, na mfuko wa zawadi unagawanyika mpaka hauvutii mtu. Tukiweka shindano moja la wazi bila nyongeza, wanawake wengi wanafanya hesabu ya nauli, hoteli na kiingilio, wanabaki nyumbani. Pini 8 zinawafanya wasafiri.

MCHEZAJI WA KIUME: Hapo umesema ukweli wenyewe. Ni suala la kujaza orodha. Basi lipieni kutoka kwenye mfuko wa matangazo, msilipie kutoka kwenye nafasi yangu.

MCHEZAJI WA KIKE: Nafasi yako? Kila mwanamke anayeingia analipa kiingilio sawa na chako. Wengi wao hawafiki kwenye zawadi, hata wakiwa na hizo 8. Fedha yao iko ndani ya hundi unayochukua wewe. Ukiwaondoa, orodha inapungua na mfuko unapungua nayo. Usiongee kana kwamba tumekaribishwa kwako bure.

MCHEZAJI WA KIUME: Sijasema mmekaribishwa bure, na sitaki muondoke. Nataka mje kama alivyokuja Kelly Kulick. Januari 2010, Las Vegas, Tournament of Champions, mojawapo ya mataji makubwa kabisa ya PBA. Fainali dhidi ya Chris Barnes, mchezaji aliyekwisha kuwa bora wa mwaka. Kulick alipiga 265, Barnes 195. Hakuna aliyemwongezea pini hata moja. Tangu siku ile hakuna mtu mwenye akili anayeweza kusema ushindi wake una mashaka. Liz Johnson akafuata mwaka 2017 akachukua taji lake la PBA kwa njia hiyohiyo. Kwa nini mnakubali nyongeza inayowanyima wenzenu heshima kama ile?

MCHEZAJI WA KIKE: Vyaelea vimeundwa, kaka. Uliza kwanza Kulick aliingiaje kwenye mashindano yale. Alipata nafasi kwa sababu alishinda ubingwa wa dunia wa wanawake wa PBA mwaka 2009, yaani kwa mlango uliotengenezwa kwa ajili ya wanawake. Bila mlango ule, ile 265 isingekuwepo. Halafu tuhesabu: PBA ilifungua milango kwa wanawake mwaka 2004. Johnson akafika fainali mwaka 2005, Kulick akapata nafasi ya msimu mzima mwaka 2006, akashinda 2010, kisha tukasubiri mpaka 2017 kumwona wa pili kwenye ziara ile. Ukitaka kujua mfumo unawatendea watu vipi, usimtazame aliyefaulu peke yake. Tazama ni wangapi walijaribu wakachoka.

KOCHA: Na kuna jambo ambalo halionekani kwenye televisheni. Njia ya bolingi inapakwa mafuta, karibu mita 12 za mwanzo. Mpira unateleza kwenye mafuta, kisha unashika pale pakavu na kukata kuelekea kwenye pini. Kila mpira unaopita unabeba mafuta kidogo. Wenye mizunguko mingi wanayabeba haraka, na wanayabeba katikati ya njia. Mwanamke akipangwa njia moja na wanaume watatu wa aina hiyo, kufikia gemu ya tatu ule mstari aliokuwa akiutumia haupo tena. Wao wanahama kushoto zaidi, wanafungua pembe, wana nguvu ya kurudisha mpira. Yeye akihama nao mpira haurudi, akibaki alipo unakata mapema. Anacheza kwenye njia iliyobadilishwa na wengine.

MCHEZAJI WA KIUME: Kocha, na mimi napangwa na haohao. Mizunguko yangu ni ya kawaida. Mafuta hayaulizi jinsia ya mtu kabla ya kuhama. Mnanipa mfano wa tatizo langu kisha mnampa dawa jirani.

KOCHA: Ni kweli tatizo lako ni hilohilo. Tofauti ni kwamba upande wako ni baadhi, upande wao ni wengi mno.

MCHEZAJI WA KIUME: Basi badilisheni mafuta. Mwandalizi ndiye anayechagua mchoro wa mafuta. Wekeni mchoro usiompendelea mwenye nguvu, pakeni upya kila baada ya gemu tatu, wapangeni watu wenye mtindo unaofanana njia moja. Hayo yote ni kusawazisha uwanja. Kugusa uwanja nakubali. Kugusa matokeo ndiko nisikokubali.

MWANDALIZI: Kila mchoro unampendelea mtu. Ukifupisha mafuta umemsaidia huyu, ukiyarefusha umemsaidia yule. Nimesikia malalamiko kwa kila mchoro niliowahi kuweka, na aliyelalamika siku zote alikuwa aliyeshindwa. Kupaka upya katikati ya raundi kunakula muda, na muda wa ukumbi ni fedha. Sisemi haiwezekani. Nasema haitaziba pengo lote.

MCHEZAJI WA KIKE: Halafu kuna jambo ambalo wanaopinga hawalitaji. Gemu haiwezi kupita 300, hata kwa nyongeza. Nikipiga 296, sipati 304, naandikiwa 300. Nikipiga 300 kamili, nyongeza yangu ni sifuri. Kadiri ninavyocheza vizuri zaidi ya 292, ndivyo pini zangu zinavyonyang'anywa. Mfumo umejilinda wenyewe.

MCHEZAJI WA KIUME: Ahsante kwa kuitaja 292, maana hapo ndipo ninapoumia zaidi. 292 ni straiki 11, kisha mpira wa mwisho uangushe pini 2. Mimi nikasimama njia ya pili nikapiga straiki zote 12. Mpira wangu wa mwisho umefagia 10, wako umeangusha 2. Ubao unasema 300 kwa 300. Sare. Nilichofanya mimi ndicho kilele cha mchezo huu, mtu anaweza kucheza maisha yake yote asikifikie mbele ya watazamaji. Na kanuni imesema hakitoshi kukushinda.

MCHEZAJI WA KIKE: Ni mara ngapi hilo litatokea?

MCHEZAJI WA KIUME: Hata likitokea mara moja. Kanuni inapimwa pale inapobanwa.

MCHEZAJI WA KIKE: Basi tuipime kwenye michezo mingine, tuone kama dunia ilianguka. Mbio za farasi za Prix de l'Arc de Triomphe pale Paris ni miongoni mwa mbio kubwa kuliko zote. Farasi jike anabebeshwa kilo 1.5 pungufu ya dume wa umri wake. Trêve alishinda mwaka 2013 na 2014, Enable 2017 na 2018. Hakuna anayeandika majina yao kwa wino hafifu. Wanaitwa mabingwa, basi. Njoo kwa binadamu: Los Angeles Marathon wamekuwa na utaratibu wa kuwatanguliza wanawake bora kwa dakika kadhaa zilizopigiwa hesabu, kisha anayekata utepe wa kwanza kati ya wote anachukua bonasi. Stacy Ndiwa wa Kenya aliwahi kuichukua. Watu walisimama kando ya barabara wakishangilia mbio zilizokuwa hai.

MCHEZAJI WA KIUME: Umenisaidia tena. Pale Los Angeles bingwa wa wanaume ni mwanamume aliyekimbia haraka kuliko wanaume wenzake, bingwa wa wanawake ni mwanamke aliyekimbia haraka kuliko wanawake wenzake. Bonasi ya kufukuzana ni zawadi ya tatu, imewekwa kando. Hakuna aliyepoteza ubingwa wake kwa sababu ya zile dakika. Leteni mfumo huo kwenye bolingi, nitakuwa wa kwanza kupiga makofi: taji la wanaume, taji la wanawake, na juu yake fainali ya wote yenye nyongeza, na mfuko wake. Mnachofanya sasa ni kuweka taji moja na kuligawia vipimo viwili.

MWANDALIZI: Kwa pointi za msimu tayari tunatenganisha. Orodha ya wanaume ni ya wanaume, ya wanawake ni ya wanawake. Kinachoshindaniwa pamoja ni taji la wikendi na hundi yake.

MCHEZAJI WA KIUME: Na wikendi ndiyo ninayolipia nauli.

MCHEZAJI WA KIKE: Mwandalizi, kabla hujashawishika na hayo mataji matatu, kumbuka kutenga kunaishia wapi. Barcelona, mwaka 1992, ulengaji wa skiti, wa kupiga kwa bunduki sahani zinazorushwa hewani, ulikuwa wazi kwa wote. Zhang Shan wa China, mwanamke, akawashinda wanaume wote, dhahabu ya Olimpiki, bila nyongeza ya sahani hata moja. Michezo iliyofuata, Atlanta 1996, mwanamke hakuwa na nafasi kwenye skiti. Hakuweza hata kuitetea dhahabu yake. Skiti ya wanawake ikaja Sydney mwaka 2000. Nikisikia mwanamume anasema "wapewe taji lao," nauliza: litakuwa na fedha gani, saa ngapi ya jioni, na nani atakuwepo kulitazama? Nimezoea kuona fainali za wanawake zikichezwa saa tatu asubuhi ukumbi ukiwa na wafagiaji.

MCHEZAJI WA KIUME: Hiyo ni hoja ya haki katika zawadi na ratiba, na naiunga mkono. Saa sawa, fedha sawa. Lakini Zhang Shan anasimama upande wangu kwenye hili la nyongeza. Alishinda kwa kipimo kilekile. Waliomkosea ni waliofunga mlango, si waliokataa kumwongezea.

MCHEZAJI WA KIKE: Anasimama kwenye skiti, ambako bunduki haijali upana wa bega kama mpira wa kilo 7 unavyojali. Ndiyo sababu nasema kila mchezo uhukumiwe kwa namna unavyofanya kazi. Katika bolingi pengo lipo, Kocha amelieleza mpaka kwenye pini ya 6.

KOCHA: Nimelieleza pengo lilivyo, sijasema ni pini 8. Na hapo ndipo ninapowalaumu watu wa mamlaka. Mimi nafundisha wasichana wanaotupa kwa mikono miwili, wana mizunguko ambayo miaka ishirini iliyopita usingeiona kwa mwanamke yeyote. Namba inayohusu miili ya watu na vifaa vya watu haiwezi kukaa ileile wakati miili inafunzwa upya na vifaa vinabadilika. Inawezekana 8 ni nyingi. Inawezekana ni chache. Mwandalizi, alama za kila gemu unazo?

MWANDALIZI: Zipo. Kila gemu, kila mchezaji, bila nyongeza na kwa nyongeza.

KOCHA: Basi nawauliza nyinyi wawili. Tuchukue misimu mitatu, alama tupu, waliocheza siku moja kwenye mchoro mmoja. Tutazame waliofuzu na waliokosa. Mtakubali kitakachotoka?

MCHEZAJI WA KIUME: Ikitoka 3, iwe 3.

MCHEZAJI WA KIKE: Nakubali. Na ikitoka sifuri, nitazirudisha zote nane mbele ya watu, sitanung'unika. Sasa nijibu wewe: ikitoka 12?

MCHEZAJI WA KIUME: Hapana.

MCHEZAJI WA KIKE: Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Takwimu zikikufaa ni sayansi, zisipokufaa ni dhuluma.

MCHEZAJI WA KIUME: Nisikilize mpaka mwisho. Namba inayotokana na wastani wa wanawake wote haimpimi mwanamke aliyesimama mbele yangu. Anayekuja kunitoa kwenye fainali si yule wa wastani, ni yule bora, ambaye kwa alama tupu tunalingana. Yeye ndiye anayechuma 12 zilizopatikana kwa udhaifu wa wenzake. Yule dhaifu hata ukimpa 12 hafiki kwenye mstari wa kukatia. Nyongeza ya wastani inamfaidisha zaidi asiyeihitaji. Ndiyo sababu siwezi kuifuata ikipanda.

MCHEZAJI WA KIKE: Hoja hiyo ni nzito, siibezi. Lakini igeuze. Ukiifuta kwa sababu ya yule mmoja aliye bora, umewaondoa wanaomfuata: wa kumi, wa ishirini, wale wanaokaa pini tano chini ya mstari na wanaoweza kukua wakipata raundi moja zaidi ya uzoefu. Na yule bora alitoka miongoni mwao. Hakuna bingwa wa kike anayezaliwa fainali. Unataka tufike sifuri? Mimi pia nataka. Lakini sifuri inajengwa kwa msichana wa miaka 12 kupewa muda wa njia jioni, wakati ambao leo umehifadhiwa kwa ligi ya wanaume. Inajengwa kwa kocha, kwa mpira unaotobolewa kulingana na mkono wake, kwa safari. Ukishajenga hayo, pini 8 zitaanguka zenyewe.

MCHEZAJI WA KIUME: Na kama hazianguki? Nyongeza ni rahisi kuliko kujenga. Ukishampa mtu namba, chama kinapumua, kinasema tumeshawasaidia wanawake. Miaka inapita, muda wa njia jioni bado ni wa wanaume, na pini 8 bado zipo. Zinageuka malipo ya kununua ukimya wenu.

MCHEZAJI WA KIKE: Hilo ni kweli, na ningependa ulisemee kwenye mkutano wa chama chako kama unavyolisema hapa. Ila usiniombe niachie kilicho mkononi kwa ahadi ya kilicho porini.

MWANDALIZI: Msimu ujao naandika kanuni mpya, na sitaki kuandika upepo. Ninachoweza kuahidi ni hiki: ubao na orodha zitaonyesha safu mbili, pini zilizoangushwa na jumla yenye nyongeza, kila mtu aone. Alama za misimu mitatu zitachambuliwa na kuchapishwa. Namba itakuwa na tarehe ya kukaguliwa, haitarithiwa tu. Na suala la fainali, kama nyongeza iishie kwenye mchujo au iende mpaka mwisho, litapigiwa kura na wachezaji wenyewe.

MCHEZAJI WA KIUME: Nyongeza kwenye mchujo naweza kuivumilia, maana pale tunatafuta watu wa kuingia. Kwenye fainali, hapana. Waliofika wamefika. Wapimwe kwa pini.

MCHEZAJI WA KIKE: Yaani mwili wangu ni dhaifu mpaka Jumamosi, Jumapili unapona? Mpira ni uleule, mafuta ni yaleyale, na Jumapili napangwa na wenye mizunguko mikubwa kuliko wote. Ukiniletea fainali kisha ukaondoa kilichonifikisha, umenialika kupamba picha.

MCHEZAJI WA KIUME: Nimekualika unishinde.

MCHEZAJI WA KIKE: Nitakushinda kwa kanuni iliyoandikwa kabla hujalipa kiingilio, kama ambavyo wewe umekuwa ukitushinda kwa mchezo ulioundwa kwa vipimo vya mwili wako.

MCHEZAJI WA KIUME: Basi Mwandalizi, andika hizo safu mbili, na safu ya pini zilizoangushwa iwe ya kwanza.

MCHEZAJI WA KIKE: Iwe ya kwanza, sina neno. Kikombe kitolewe kwa ya pili.

MCHEZAJI WA KIUME: Kwa hilo tutakutana kwenye kura.